Mashine Rahisi: Nguvu Ndogo, Mwendo Mrefu

Mashine rahisi ni kifaa chenye sehemu chache kinachobadilisha ukubwa wa nguvu, mwelekeo wake au umbali inaosafiri, ili kazi ifanyike kwa unafuu. Mtarimbo unaong'oa jiwe shambani, ubao wa kupandishia magunia kwenye lori, shoka la kupasulia kuni, roda inayoinua ndoo ya zege na parafujo inayokaza bawaba ya mlango, vyote vimo katika kundi hili. Havina injini wala havihitaji umeme. Nguvu yote hutoka kwa anayevishika, na bado mtu mmoja mwenye mtarimbo huinua jiwe ambalo kwa mikono mitupu asingelitikisa.

Jambo hili hueleweka pale maana ya kazi inapowekwa wazi. Katika fizikia, kazi ni kani inayotumika ikizidishwa kwa umbali ambao kani hiyo imesukuma au kuvuta. Gunia la mahindi la kilo 100 lina uzito wa karibu nyutoni 1,000. Kuliinua hadi kwenye bodi ya lori, mita 1.2 kutoka ardhini, ni kazi ya juli 1,200. Hakuna mashine inayopunguza juli hizo. Mashine hubadilisha namna ya kuzitoa tu: kani kubwa kwa umbali mfupi, au kani ndogo kwa umbali mrefu.

Ubadilishanaji huo una thamani kubwa kwa sababu ya maumbile ya mwili. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufanya kazi ya takriban juli 75 kila sekunde, yaani wati 75, kwa saa nyingi za siku. Kwa kasi hiyo, juli 1,200 za gunia ni kazi ya sekunde 16. Kwa hiyo wingi wa kazi haumshindi mpakiaji. Kinachomshinda ni kutoa kani ya nyutoni 1,000 kwa mkupuo mmoja, maana misuli ina mpaka mkali wa nguvu ingawa ina uvumilivu mwingi. Mashine rahisi huichukua kazi isiyobebeka kwa mkupuo na kuinyoosha hadi ilingane na uwezo wa misuli. Manufaa ya kila kifaa kinachoelezwa hapa yanatokana na jambo hilo moja.

Maneno manne hutumika kupima manufaa hayo. Mzigo ni kani inayotakiwa kushindwa, na jitihada ni kani anayoitoa mtumiaji. Manufaa ya kimakanika ni mzigo ukigawanywa kwa jitihada: mashine inayoinua nyutoni 600 kwa jitihada ya nyutoni 200 ina manufaa ya 3. Uwiano wa mwendo ni umbali unaosafiri jitihada ukigawanywa kwa umbali unaosafiri mzigo. Kama kusingekuwa na msuguano, namba hizi mbili zingekuwa sawa daima.

Elimu hii ina historia ndefu. Archimedes wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 KK mji wake ulipotekwa na Warumi, alithibitisha kwa hoja za jiometri kanuni ya wenzo: mizigo miwili husawazika pale kila mmoja unapozidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo na majibu yakalingana. Katika karne ya 1 BK, Heron wa Alexandria, Misri, aliorodhesha mashine tano: gurudumu na ekseli, wenzo, roda, kabari na skrubu. Kitabu chake cha mekanika kilipotea kwa Kigiriki, isipokuwa vipande vichache, lakini kilihifadhiwa na tafsiri ya Kiarabu iliyoandikwa na Qusta ibn Luqa katika karne ya 9. Mteremko uliongezwa kwenye orodha baadaye. Mwaka 1586 Simon Stevin wa Uholanzi alieleza jinsi mzigo unavyosawazika juu yake, na miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1600, Galileo Galilei alisisitiza kwamba mashine haiwezi kuyalaghai maumbile: kinachopatikana kwa nguvu hulipiwa kwa umbali na muda.

Mashine hizo sita zinaingia katika familia mbili. Wenzo, gurudumu na ekseli, na roda hufanya kazi kwa kuzunguka nukta moja, na zote hufuata kanuni ya wenzo. Mteremko, kabari na skrubu hufanya kazi kwa uso uliolala mshazari, na zote ni sura tofauti za mteremko.

Wenzo ni fimbo au pau ngumu inayogeuka kwenye egemeo. Umbali kutoka egemeo hadi mahali pa jitihada huitwa mkono wa jitihada, na ule wa kufika kwenye mzigo huitwa mkono wa mzigo. Mtarimbo wa mita 1.5 ukiegemezwa kwenye kipande cha gogo kilicho sentimita 25 kutoka ncha inayoingia chini ya jiwe, mkono wa jitihada unakuwa sentimita 125, yaani mara 5 ya mkono wa mzigo. Jiwe la kilo 200, lenye uzito wa nyutoni 2,000, litainuka kwa kani ya nyutoni 400, ambayo mtu mmoja huipata kwa kuuegemea mtarimbo kwa sehemu tu ya uzito wake. Gharama yake huonekana mara moja: ili jiwe lipande sentimita 10, mikono inashuka sentimita 50. Ndiyo maana jiwe kubwa huinuliwa kidogo kidogo, na kila hatua vipande vya mawe huingizwa chini yake kabla mtarimbo haujasogezwa.

Nyenzo hugawanywa katika aina tatu kulingana na mpangilio wa egemeo, mzigo na jitihada. Katika aina ya kwanza egemeo liko katikati. Mtarimbo huo ni mfano, na pamoja nao mkasi, plaisi, pembea ya ubao ya watoto, na nyundo ya makucha inapong'oa msumari. Mkasi wa kukatia mabati una mipini mirefu na meno mafupi kwa sababu bati linahitaji kani kubwa. Mkasi wa fundi cherehani una meno marefu kwa sababu kitambaa hakina ubishi, na kinachotakiwa ni mkato mrefu ulionyooka.

Mizani ya mikono miwili nayo ni wenzo wa aina ya kwanza, na uaminifu wake wote unategemea mikono kuwa sawa. Mkono mmoja ukiwa na sentimita 30 na mwingine 29, jiwe la kilo 1 likawekwa upande mfupi na sukari upande mrefu, mizani itatulia sawasawa huku sukari ikiwa gramu 967 tu. Njia ya kuubaini udanganyifu huo haihitaji kifaa chochote. Jiwe na bidhaa vibadilishane pande: mizani ya haki itatulia tena, na isiyo ya haki itainama upande wa jiwe.

Katika aina ya pili mzigo uko kati ya egemeo na jitihada. Kwa kuwa mkono wa jitihada siku zote ni mrefu kuliko wa mzigo, nyenzo hizi zote huokoa nguvu. Kifungulio cha soda ni cha aina hii, na toroli la ujenzi ndilo mfano wake bora. Egemeo la toroli ni ekseli ya gurudumu la mbele. Mchanga wa kilo 60 ukikaa sentimita 40 kutoka ekseli, na mikono ya kibarua ikishika mipini sentimita 120 kutoka ekseli hiyo hiyo, anainua nyutoni 200 badala ya 600. Mchanga huo huo ukirundikwa nyuma, sentimita 60 kutoka ekseli, jitihada hupanda hadi nyutoni 300. Kibarua anayejaza toroli lake kuanzia mbele amejipunguzia theluthi nzima ya uzito bila kupunguza hata beleshi moja la mchanga.

Katika aina ya tatu jitihada ndiyo iliyo katikati. Hapa jitihada ni kubwa kuliko mzigo, na mtu anaweza kujiuliza faida iko wapi. Faida ni mwendo. Kibano cha kushikia kaa la moto, ufagio wa mpini mrefu na fimbo ya kuvulia samaki hutoa mwendo mpana na wa haraka kwenye ncha huku mikono ikisogea kidogo. Mkono wa binadamu umejengwa hivyo hivyo. Egemeo lake ni kiwiko, msuli wa mbele umejishikiza sentimita 4 au 5 tu kutoka hapo, na mzigo uko kiganjani, kama sentimita 35 mbali. Kushika jiwe la kilo 5 huku mkono umekunjwa mraba kunaulazimisha msuli utoe kani inayokaribia mara nane ya uzito huo. Mwili umeachia nguvu ili upate wepesi wa kurusha, kupiga na kudaka, na hii ni sababu mojawapo ya binadamu kuhitaji nyenzo za nje zinazofanya kinyume.

Uti wa mgongo nao hufuata kanuni hiyo. Misuli ya mgongo hupita sentimita 5 hivi nyuma ya viungo vya kiuno, ilhali ndoo inayookotwa kwa kuinama inaweza kuwa sentimita 50 mbele yake. Kwa uwiano huo, ndoo ya kilo 20 inaitaka misuli itoe nyutoni 2,000 kwa ajili ya ndoo pekee, kabla ya kuhesabu uzito wa kiwiliwili. Kuchuchumaa na kuisogeza ndoo karibu na mwili kabla ya kuinuka kunafupisha mkono wa mzigo, na kunaokoa migongo ya watu wanaoteka maji kila siku.

Gurudumu na ekseli ni wenzo unaoweza kuzunguka bila kikomo. Mfano wake mzuri ni kisima chenye gogo la kuzungushia kamba. Gogo likiwa na nusu kipenyo cha sentimita 10 na mpini wa kuzungusha ukiwa sentimita 40 kutoka katikati, uwiano ni 4. Ndoo ya lita 20, yenye uzito wa nyutoni 200, hupanda kwa jitihada ya nyutoni 50. Katika kisima cha mita 12, gogo litazungushwa mara 19 na mkono utakuwa umesafiri karibu mita 48. Anayevuta ndoo hiyo kwa kamba mkononi humaliza kwa mita 12, lakini hubeba uzito wote, na akichoka hana pa kupumzikia. Penye gogo, kigingi kimoja cha kuzuia mpini humwezesha kupumzika bila ndoo kurudi chini.

Bisibisi, usukani wa gari na mpini wa koki ya bomba ni mashine za aina hiyo hiyo. Bisibisi yenye kishikio kinene hufungua skrubu iliyoshika kutu kwa sababu kishikio ndicho gurudumu na ncha ndiyo ekseli.

Gurudumu la mkokoteni lina kazi nyingine. Halikuzi nguvu ya msukumaji, ila linaondoa msuguano wa kukokota. Mzigo unaoburuzwa husuguana na ardhi kwa umbali wote wa safari. Ukiwekwa juu ya magurudumu, msuguano hubaki kwenye ekseli tu, ambako nyuso zinazogusana husafiri umbali mfupi na zinaweza kupakwa grisi. Gurudumu kubwa hufaidi zaidi: hupanda ukingo wa shimo kwa mteremko mlegevu, na ekseli yake huzunguka mara chache kwa kila kilomita.

Roda, au kapi, ni gurudumu lenye mfereji wa kupitishia kamba. Roda iliyofungwa juu na isiyosogea haipunguzi kani hata kidogo, lakini inabadilisha mwelekeo. Anayepandisha bendera huvuta kuelekea chini na bendera ikapanda. Kuvuta kuelekea chini ni unafuu wa kweli, kwa kuwa mtu hutumia uzito wa mwili wake. Kwenye majengo ya ghorofa, ndoo za zege huinuliwa na roda moja iliyotundikwa juu huku wavutaji wakibaki salama ardhini.

Roda ikifungwa kwenye mzigo wenyewe na kupanda pamoja nao, mambo hubadilika. Mzigo sasa unaning'inia kwenye sehemu mbili za kamba, na kila sehemu hubeba nusu. Roda zikiongezwa juu na chini, idadi ya sehemu za kamba zinazobeba mzigo ndiyo uwiano wa mwendo. Mabaharia wa majahazi ya Bahari ya Hindi wamelitumia jambo hili tangu zamani. Tanga hufungwa kwenye foromali, na foromali hupandishwa kwa kamba nene iitwayo henza, ambayo hupita juu ya mlingoti na kushuka upande wa pili. Mwisho wa henza kuna kapi liitwalo gofia. Kamba nyembamba zaidi, jarari, huzunguka kati ya gofia hiyo na kapi la pili lililo chini, abedari. Jarari ikipita mara nne kati ya makapi hayo, foromali na tanga vyenye kilo 300 vinaweza kuinuliwa kwa kani inayolingana na kilo 75, pamoja na ziada ya kushinda msuguano, na kani hiyo wakagawana mabaharia wawili au watatu. Kila mita inayopanda foromali inadai mita nne za jarari zikusanywe sitahani.

Familia ya pili inaanza na mteremko. Ubao wa mita 4.8 uliolazwa kutoka ardhini hadi kwenye bodi ya lori iliyo mita 1.2 juu una uwiano wa 4, na gunia la nyutoni 1,000 lingepanda kwa nyutoni 250 kama ubao ungekuwa laini kabisa. Ubao mrefu zaidi ungepunguza kani zaidi. Pipa lina nafuu kuliko gunia, maana linabingirishwa na halikwami kwa msuguano.

Barabara za milimani hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa. Barabara inayopanda Kitonga kuelekea Iringa, au ile ya kutoka Soni kwenda Lushoto, haikwei mlima moja kwa moja. Inazunguka kwa kona nyingi, safari inakuwa ndefu, na kwa njia hiyo lori lenye shehena linafika kileleni kwa nguvu ya injini iliyo nayo. Wajenzi wa piramidi za Misri, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, walivuta mawe yao kwenye njia za mteremko, na mabaki ya njia hizo yamepatikana kwenye machimbo na maeneo ya ujenzi.

Mteremko pia ni suala la haki. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kwa njia za viti vya magurudumu ni kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu. Mtu na kiti chake wenye jumla ya kilo 90 wanahitaji kani ya nyutoni 75 hivi kupanda njia hiyo, mbali na msuguano. Mteremko wa mita 1 kwa mita 4 unaidai mikono hiyo hiyo zaidi ya nyutoni 200, na watumiaji wengi hawawezi. Jengo la ofisi au shule lenye mteremko mkali kupita kiasi limetimiza sharti kwa jina tu, na mwenye kiti anabaki nje.

Kabari ni mteremko unaotembea. Badala ya mzigo kupanda juu yake, yenyewe husukumwa ndani ya kitu na kukisukuma pande mbili. Kabari ya chuma yenye urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 4 ina uwiano wa 5, na inapopigwa kwa nyundo hupasua gogo ambalo hakuna mikono ingeweza kulitenganisha. Shoka, panga, patasi, tezo, msumari, sindano na ulimi wa jembe ni kabari zote. Kunoa hufanya mambo mawili kwa pamoja: makali huwa membamba, na kani yote hukusanywa kwenye eneo dogo sana. Panga butu huhamishia gharama kwa mlimaji mwenyewe, kwa mapigo mengi na mabega yanayouma. Hata hivyo wembamba una mpaka wake. Shoka la kukatia mti hunolewa jembamba ili lizame, na la kupasulia kuni huachwa nene kidogo ili litanue ufa na lisinase.

Skrubu ni mteremko uliozungushwa kwenye mhimili. Umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata huitwa hatua, na kila mzunguko mmoja huisogeza skrubu kwa hatua moja. Jeki ya skrubu yenye hatua ya milimita 5, inayozungushwa kwa mpini wa sentimita 50, huufanya mkono usafiri sentimita 314 kwa kila milimita 5 za kupanda. Uwiano wake ni takriban 628, ambao hakuna wenzo wa kawaida unaoufikia. Upande wa gari wenye uzito wa nyutoni 5,000 ungeinuka kwa nyutoni 8 tu kama kusingekuwa na msuguano. Kwa msuguano uliopo inahitajika kani mara tatu au nne ya hiyo, na bado mtoto wa shule angeiweza. Kulipandisha gari sentimita 20 ni mizunguko 40.

Jiliwa la karakana, parafujo za mbao, bolti na nati, na mashine ya mkono ya kusagia nyama hutumia skrubu. Skrubu kubwa ndani ya bomba, iliyopewa jina la Archimedes, imetumika Misri kwa karne nyingi kupandishia maji ya Mto Nile mashambani.

Karibu hesabu zote zilizotajwa hadi hapa ni za mashine isiyo na msuguano, na mashine ya namna hiyo haipo. Ufanisi ni kazi inayotoka kwenye mashine ikigawanywa kwa kazi iliyoingia, na kwa kawaida huandikwa kwa asilimia. Tuseme gunia lile la kilo 100 likiburuzwa juu ya ubao wa mita 4.8 linahitaji nyutoni 400, si 250. Mpakiaji ametoa juli 1,920 ili kupata kazi ya juli 1,200, na ufanisi ni asilimia 62.5. Juli 720 zimegeuka joto kwenye ubao na kwenye gunia. Kwa jumla ya kazi ametumia zaidi kuliko kama angelinyanyua moja kwa moja, lakini amelipakia gunia ambalo vinginevyo lingebaki chini.

Msuguano hupunguzwa kwa grisi na mafuta, kwa beringi zinazogeuza kusuguana kuwa kubingirika, na kwa ekseli zilizonyooka. Guillaume Amontons, Mfaransa aliyewasilisha matokeo yake mwaka 1699, alionyesha kwamba msuguano huongezeka kadiri nyuso zinavyokandamizwa. Kwa hiyo toroli lisilopakwa grisi hulipiza zaidi linapojazwa sana. Lakini msuguano si adui kila mahali. Kabari hukaa ndani ya ufa na parafujo hukaa ndani ya mbao kwa sababu yake. Jeki ya skrubu hairudi chini mpini unapoachwa kwa kuwa ufanisi wake uko chini ya asilimia 50. Jeki ambayo ingefikia asilimia 90 ingejifungua yenyewe na kumwangushia fundi gari.

Mashine rahisi zikiunganishwa huzaa mashine changamano, na baiskeli ni mfano ulio karibu na watu wengi. Breki na mipini yake ni nyenzo, nati na bolti ni skrubu, na pedali, mnyororo na gurudumu la nyuma ni magurudumu na ekseli zilizofungamana. Ikiwa gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma 18, pedali zenye mkono wa sentimita 17 na gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 35, mzunguko mmoja wa pedali husafirisha mguu mita 1.07 na baiskeli mita 5.4. Baiskeli basi inatoa nguvu na kupokea mwendo: kani ya nyutoni 300 kwenye pedali inafika barabarani ikiwa nyutoni 60 hivi. Zinatosha kwenye tambarare kwa kuwa magurudumu hayana upinzani mkubwa. Mlimani hazitoshi, na ndiyo sababu mwenye baiskeli isiyo na gia, aliyebeba matenga ya nyanya, hushuka na kuisukuma.

Vifaa kadhaa vilivyobadilisha maisha vijijini Afrika Mashariki vilibuniwa kwa kuzingatia kanuni hizi. Pampu ya mkono ya Afridev, iliyoendelezwa Malawi na Kwale nchini Kenya katika miaka ya 1980, ni wenzo unaovuta pistoni iliyo ndani ya kisima. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 50, ikiwa na mita 30 za maji juu yake, hubeba karibu nyutoni 590. Mpini wenye uwiano wa 4 hushusha jitihada hadi chini ya nyutoni 150, mbali na msuguano na uzito wa vyuma vya ndani, na mtu huitoa kwa kuukandamiza mpini kuelekea chini. Pampu hiyo ilikusudiwa pia ifanyiwe matengenezo na wanakijiji wenyewe kwa vifaa vichache.

Katikati ya muongo huo, mhandisi Carl Bielenberg alibuni nchini Tanzania kikamulio cha mkono cha mafuta ya alizeti, ambacho wenzo wake mrefu husukuma pistoni ndogo kwa kani kubwa mno. Nairobi nako, shirika la ApproTEC, lililoanzishwa mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, lilianza mwaka 1996 kuuza pampu ya kukanyaga kwa miguu kwa ajili ya umwagiliaji. Pampu hiyo haikuongeza tu uwiano wa wenzo. Iliihamisha kazi kutoka kwenye mikono hadi kwenye mapaja, yenye misuli iliyo miongoni mwa mikubwa zaidi mwilini, na kumwezesha mkulima kumwagilia kwa uzito wake mwenyewe.

Uchaguzi wa mashine rahisi kwa hiyo huanza kwa kutambua kinachopungua. Pakipungua nguvu, hufaa mpini mrefu, ubao mrefu, roda zaidi au skrubu yenye hatua ndogo. Ukipungua mwendo, hufaa wenzo wa aina ya tatu au gia kama ya baiskeli. Mahali pa kusimama pakiwa pabaya, roda moja ya kubadilisha mwelekeo inatosha. Kisha nafasi na uimara wa kifaa hupimwa. Bomba linaloongezwa kwenye mpini wa spana hukuza kani mara mbili au tatu, na bolti isiyoundwa kwa kani hiyo hukatika. Kamba iliyochakaa haiwi salama kwa sababu tu imepitishwa kwenye roda nyingi.

Mpaka wa mwisho ni wingi wa kazi yenyewe. Mashine rahisi huifanya kani ilingane na mwili, lakini haiongezi juli hata moja. Kupandisha lita 10,000 za maji mita 15 ni kazi ya juli 1,500,000. Kwa wati 75 ni saa tano na nusu za kukanyaga bila kupumzika, hata pampu ikiwa haina msuguano wowote. Hapo ndipo punda, ng'ombe, upepo, maji yanayotiririka, umeme wa jua na injini vinapohitajika, kwa kuwa vyenyewe huleta juli kutoka nje ya mwili. Hata hivyo ndani ya injini hiyo mna ekseli, skrubu na nyenzo, na mkulima anayeinunua ataifunga mahali pake kwa spana na kuishusha kutoka kwenye lori kwa ubao. Anayejua uwiano wa ubao huo na msuguano wake ataishusha bila kuumia, na fedha aliyoitoa itaanza kumwagilia shamba siku hiyo hiyo.